Maji Yaliyofika Gazetini

Haya niliambiwa na Zulhumor mwenyewe, mwaka jana majani yalipoanza kuanguka, siku tunasubiri tanuri lipate moto wa mikate ya harusi ya mjukuu wangu. Kuni zilikuwa mbichi, kwa hiyo alipata nafasi ya kusimulia yote bila kukatizwa. Mengine niliyajua, maana hata mimi nilishika ndoo siku ile, na aibu yangu ninayo. Nimeona niyaandike kwa sababu kule sokoni wilayani watu wanadai sisi wa Qumtepa tulimpiga mkurugenzi wa maji kwa majembe. Hatukumpiga. Tulimfanyia kibaya zaidi.

Qumtepa ni kijiji cha mwisho kwenye mfereji. Ukitupita sisi unakuta mchanga, na mchanga hauna zamu ya maji. Maji yakitoka mtoni hupita kwanza kwa wakubwa, kisha kwa jamaa za wakubwa, kisha Sholikor, ambako kila mwaka wanakatazwa kulima mpunga na kila mwaka wanavuna mpunga mzuri sana. Kinachobaki ndicho chetu. Mwaka ule kilichobaki kilikuwa mfereji wenyewe.

Habari za maji, lakini, hatukuzikosa. Idara ya Maji ya wilaya ina gazeti lake la kurasa nne, linaitwa Maji Yetu, linatoka kila Jumamosi na kuletwa na gari la mikate. Mwandishi wake ni Farmon, aliyekuwa mwalimu wa michezo mpaka goti lilipomharibikia. Gazeti likija hupigiliwa misumari kwenye mlango wa nyumba ya chai, na mwenye macho humsomea asiye nayo. Tulisoma kwamba mto wetu mkubwa umejadiliwa na nchi nne, kikao cha saba, na wajumbe wote wamekubaliana kukutana tena. Tulisoma namna ya kuoga kwa kikombe kimoja, jambo ambalo sisi tungeweza kuwafundisha wao. Kulikuwa na picha ya mkurugenzi akitazama bomba. Ukurasa wa nyuma, picha ya mkurugenzi akitazama bomba jingine.

Basi huyu Zulhumor analima matikiti. Siyo yale ya mviringo ya dukani. Ni yale marefu, ya ganda la mistari, ambayo ukiyapasua chumba cha pili wanajua kwa harufu. Mbegu aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na mama yake. Hakuna mwingine mwenye nayo, kwa sababu ukoo wao ni wachoyo wa mbegu, hilo nasema mbele yake na yeye hucheka. Kila mwaka huweka konzi mbili akiba kwenye soksi. Mwaka ule panya waliingia kwenye soksi, wakaacha konzi moja na nusu, naye kwa hasira akapanda zote, asibakishe hata moja. Kwa hiyo yale matikiti yakifa shambani, mbegu ya mama yake imekwisha duniani. Hakuna pa kuazima.

Mwezi wa sita ulipofika nusu, matikiti yalikuwa makubwa kama ngumi na majani yamejikunja kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa. Zulhumor alihesabu: siku kumi. Yakipata maji mara moja ndani ya siku kumi yatafika. Yasipopata, basi. Alikwisha iandikia Idara barua, akasema njooni mtazame kwa macho yenu mfereji ulivyokauka, hatutaki maneno. Tukajibiwa kwamba mkurugenzi, Bwana Tursunqul, angekuja mwenyewe siku ya Jumanne.

Hapo ndipo tulipojiharibia.

Kwetu mgeni hapokelewi kwa vumbi. Njia inafagiliwa na kunyunyiziwa maji kuanzia alfajiri, na mwanamke ambaye mbele ya lango lake kuna vumbi husemwa mpaka kwa watoto wa watoto wake. Jumatatu Babu Ergash alipita nyumba kwa nyumba. Babu Ergash ndiye mzee wetu wa kijiji, mtu mwenye ndevu nzuri, na anajua kwamba ni nzuri.

"Mkurugenzi anakuja," alisema. "Ndoo mbili kila nyumba. Sitaki kuona vumbi."

"Baba, maji yenyewe ni yale yaliyoletwa na gari la maji Ijumaa," nikamwambia. "Tumebakiza ya kunywa."

"Utakunywa akishaondoka."

Tukanyunyiza. Tulifagia njia yote, tukainyunyizia mpaka ikawa kama imeoshwa na mvua. Tulipomaliza tukautazama mfereji unaopita kando ya njia, umejaa majani, takataka na vumbi, unatia haya. Sasa sijui nani alianza. Wengine wanasema ni mimi. Tukashuka ndani tukaufagia, na ili vumbi lisipande kwenye nguo za mgeni, tukaunyunyizia maji nao. Tuliufanya vizuri. Kila mahali palipozama kidogo palisimama dimbwi, na kwenye dimbwi moja bata wa jirani akaingia.

Zulhumor hakuwepo. Alikuwa shambani tangu alfajiri, anafunika matikiti yake kwa magugu yasiungue, anamsubiri mkurugenzi huko huko, maana alifikiri mtu anayekuja kutazama ukame atakwenda kutazama ukame.

Bwana Tursunqul alishuka garini na kukanyaga tope. Alitazama kiatu, akatazama mfereji, akamtazama bata. Kabla hajasema neno alikuwa ameshanawishwa mikono mara tatu kama desturi, na maji yale yalimwagika chini yakatiririka kuelekea mfereji, yakaongeza heshima yake. Farmon alipiga picha. Mgeni akaketishwa kwenye kitanda cha uani kwa Babu Ergash, ikaja chai, ikaja supu, ikaja chai nyingine.

"Vipi huku, mzee wangu?" aliuliza mkurugenzi. "Mnaendeleaje na maji?"

Na Babu Ergash, aliyejua kwamba mtu huyo ameitwa kwa ajili ya swali hilohilo, alijibu anavyojibu mtu mwenye adabu akiwa na mgeni ambaye hajala: "Tunamshukuru Mungu. Hatuna shida. Afya yako? Watoto? Karibu mkate."

Yeye anaapa kwamba alikuwa anangoja pilau liishe ndipo aingie kwenye shida. Pilau liliisha, mkurugenzi akalala kidogo, akaamka, akaaga. Zulhumor aliporudi jua likielekea kuzama, alikuta sisi tunasugua sufuria.

Jumamosi gari la mikate likaja. Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa: MAJI YAFIKA QUMTEPA. Chini yake picha ya mfereji wetu unang'aa, na bata. Farmon alikuwa ameandika kwamba maji ni mengi kiasi kwamba wakazi huyatumia kuoshea barabara, jambo ambalo Idara inawaomba walipunguze. Ilikuwepo na kauli ya Babu Ergash: "Hatuna shida."

Zulhumor alisoma amesimama. Kisha akamsomea Babu Ergash, pole pole, neno kwa neno.

"Picha ya bata imetoka vizuri," akasema Babu Ergash.

Jumatatu Zulhumor alikwenda wilayani na jani la tikiti ndani ya leso. Idarani alimkuta Farmon mezani, nyuma yake magazeti yamepangwa mpaka dirishani.

"Mama, nyie mmekwisha pata," alisema Farmon. "Mmefutwa kwenye orodha ya zamu. Zamu yenu inayofuata ni baada ya siku ishirini."

"Tumepata nini?"

"Maji. Imeandikwa."

"Umeandika wewe."

"Ndiyo. Na mimi nilikuwepo, niliyaona. Kiatu changu mpaka leo hakijakauka."

"Farmon, yale yalikuwa maji ya ndoo. Tulinyunyizia njia kwa ajili yenu."

Anasema Farmon alikitazama kiatu chake, maana naye mama yake hunyunyizia njia, analijua jambo hilo toka tumboni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi andikeni masahihisho."

"Yatatoka lini?"

"Hayatoki. Gazeti hili halijawahi kusahihisha. Tukianza kusahihisha, mama, tutaishia wapi?"

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake akipangusa mdomo. Zulhumor akamfungulia leso, akamwonyesha jani. Likavunjika mkononi mwake kama karatasi.

"Hilo ni jani moja," alisema Bwana Tursunqul. "Mimi nina mfereji mzima kwenye picha. Mkoani wamekwisha nipigia simu kunipongeza. Sasa niwaambie nini? Kwamba maji yalifika kisha yakaghairi?"

Zulhumor ni mtu mpole kwa sura. Akakunja leso yake, akasema, "Umesema kweli, mheshimiwa. Nilikuja na lingine pia. Kijiji kinakualika Jumatano. Tunataka tukupe haki yako kwa yale uliyotufanyia."

Mkurugenzi alifurahi. Alidhani ni joho. Kwetu anayeheshimiwa huvikwa joho la pamba mbele ya watu, na yeye analo la kila kijiji isipokuwa chetu.

Kazi ngumu ilikuwa kwetu nyumbani. Jumanne asubuhi Zulhumor alituita kwa Babu Ergash, akasema: kesho hakuna kufagia, hakuna kunyunyiza, hakuna kunawisha mikono, hakuna chai.

Watu walimtazama kama ametoa tusi. Kwetu mtu anaweza kumnyima ndugu yake shamba, akamnyima jirani salamu, lakini mgeni aliyeingia mlangoni asipewe chai, hilo sikuwahi kuliona hata wakati wa njaa.

"Binti," alisema Babu Ergash, "unataka nimpokee mtu kwa vumbi?"

"Ndilo tulilo nalo, baba."

"Na chai je? Bakuli moja tu. La nusu."

"Ukimpa nusu, Jumamosi tutasoma kwamba tunaogelea."

"Watanisema nchi nzima. Ergash wa Qumtepa, mgeni alitoka kwake na koo kavu. Nitazikwa na nani?"

"Na mimi nitazikwa na mbegu gani?" alisema Zulhumor. Hakupandisha sauti. "Baba, mama yangu alikupelekea tikiti la kwanza kila mwaka. Ulikula miaka thelathini. Umebakiwa na leo, kesho na keshokutwa, kisha ladha ile utaisimulia tu."

Babu Ergash alichezea ndevu zake kwa muda mrefu. Halafu akasema anajisikia homa. Akaingia ndani, akajifunika mablanketi mawili katika joto lile, akatuma mkewe aje atuambie kwamba ni mgonjwa sana, hajui lolote, na kesho pia atakuwa mgonjwa.

Jumatano mkurugenzi alikuja amevaa suti nyepesi. Vumbi la njia yetu lisiponyunyiziwa ni laini kama unga, linapanda mpaka kiunoni na halina haraka ya kushuka. Gari liliposimama, vumbi lilisimama nalo. Bwana Tursunqul alitoka akikohoa. Sisi wanawake tulikuwa tumejipanga ukutani, mikono nyuma. Mimi nilijifinya ili nisikimbilie birika. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Alikuja mpaka uani, akaketi, akanyoosha mikono mbele anawishwe, kama anavyofanya tangu alipokuwa mtoto. Hakuna aliyekuja. Mikono ilibaki hewani. Akaitazama mikono yake, akatutazama sisi, akaigeuza viganja juu, huenda tulikuwa hatujaiona.

"Mzee Ergash yuko wapi?"

"Mgonjwa," tukajibu.

Zulhumor akaweka birika la chai mbele yake na bakuli lililopinduliwa. Farmon, ambaye safari ilimkausha, alichukua birika akalitikisa. Lilikuwa tupu.

"Dada zangu," alisema mkurugenzi, anacheka kidogo, "mnanitania."

"Hatuwezi, mheshimiwa," alisema Zulhumor. "Chai ipo, majani yapo. Maji tu ndiyo hatukupenda kukuchotea sisi, maana uliyaleta mwenyewe, ni haki yako uyachote mwenyewe. Mfereji uko palepale. Farmon anapajua, alipapiga picha."

Farmon alikwenda kweli. Mpaka leo hatujui ni kiu au ni utii. Alirudi na birika tupu na nyasi kavu kwenye suruali.

"Bata yuko wapi?" mkurugenzi alimuuliza kwa kunong'ona.

"Hata bata hayupo."

Jua lilikuwa la saa sita. Mkurugenzi akajaribu hasira. "Mnajua mnachofanya? Mimi ni mgeni wenu. Mnamfukuza mgeni bila chai?"

"Hatukufukuzi," alisema Zulhumor. "Kaa mpaka usiku. Tunapenda ukae. Sisi ndivyo tunavyokaa."

"Nitawafuta kwenye orodha."

"Ulishatufuta, mheshimiwa. Tulisoma."

Hapo mke wa Babu Ergash, ambaye hakuambiwa aseme lolote, akasema kutoka jikoni, "Shangazi yangu wa Sholikor ana harusi Ijumaa. Wilaya nzima itakuwepo. Tutawasimulia nini tukiulizwa kama mkurugenzi alikunywa chai Qumtepa?"

Zulhumor anasema alimwona mtu anabadilika uso. Ukame haukumbadilisha, jani halikumbadilisha, nchi nne na vikao saba havikumbadilisha. Lakini mwanamume wa kwetu aliyenyimwa chai na kijiji kizima hawezi tena kuketi mbele ya watu. Kila nyumba atakayoingia watatazamana. Mwanawe atachumbia wapi? Alipangusa jasho, na vumbi likawa tope usoni.

"Shamba liko wapi?" akauliza.

Wakaenda kwa miguu. Alisimama kwenye mstari wa kwanza wa matikiti, akainama, akaligusa moja. Lilikuwa limelegea kama shavu la mzee. Farmon akainua kamera.

"Weka chini hicho kitu," alisema mkurugenzi.

Wakapatana palepale, wamesimama. Kesho lango la maji la Sholikor litafungwa kuanzia asubuhi mpaka alasiri, maji yashuke. Na chai, kama kuna atakayeuliza, aliinywa.

"Bakuli mbili," alisema mkurugenzi.

"Moja," alisema Zulhumor. "Mbili wataona ni uongo."

Jumamosi iliyofuata gazeti liliandika kwamba Qumtepa imepata maji mara ya pili kwa mwezi mmoja, kijiji cha mfano, na wilaya ikatutazama kwa kijicho kiangazi chote. Sholikor waliacha kutusalimia. Mkurugenzi alipewa cheti na mkoa, akapigwa picha akikitazama. Hayo ni yao.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tulisikia mfereji kabla hatujauona. Maji yalikuja na povu mbele, yanasukuma nyasi na manyoya na kandambili moja, yanajivuta kama mtu asiyetaka kuja. Zulhumor alikuwa ameshafungua mlango wa maji wa shamba. Ana mistari arobaini na mmoja. Alikwenda mmoja mmoja kwa jembe, anafungua, anangoja udongo unywe mpaka uache kutoa viputo vya hewa, anaziba, anahamia mwingine. Watu walikuja kumsaidia akakataa, akasema maji haya machache, mkono mmoja ndio unajua kiasi. Mumewe, ambaye mgongo wake haumruhusu kuinama, alikaa ukingoni akihesabu kwa sauti mpaka jua likamshinda, akarudi nyumbani akalala. Babu Ergash alitoka kitandani kuja kutazama, akasema amepona, akasimama kidogo. Lakini siku mbili za kulala kwa uongo chini ya mablanketi zilimchosha kweli, akarudishwa kwake akasinzia hata kabla hajavuliwa viatu.

Alasiri maji yakaanza kupungua. Mstari wa thelathini na tatu ulijaa nusu. Wa thelathini na nne ulilowa mdomo tu. Mingine saba haikupata hata tone, na Zulhumor hakuitazama. Alirudi kwenye ile ya mwanzo, akapiga magoti kwenye tope, akainua jani moja baada ya jingine. Hayakuwa yamesimama bado, lakini yalikuwa yameacha kujikunja. Matikiti mengine alipoyagusa yalikuwa laini, yamekwisha kufa, akayaacha. Akaenda mbele. Lilikuwepo moja gumu. Kisha la pili. Alihesabu mpaka kumi na tisa, na tikiti moja tu lina mbegu za kujaza soksi.

Alikaa kwenye ukingo wa mstari, miguu ndani ya tope, mgongo kwenye tuta. Alisema alitaka apumzike tu kidogo kabla ya kuokota jembe. Jua lilikuwa bado juu, mfereji umebakiza uzi mwembamba wa maji unaopita kwa sauti ndogo. Akaweka kiganja juu ya tikiti la karibu ili lisipigwe na jua, na usingizi ukamchukua hivyohivyo alivyokaa.